Taa ya Bi Mwanahalima

Siku mbili kabla ya Idi, dukani kwa Bahadurali pale Kilindoni, Mafia, hapakuwa na pa kutia mguu. Arafa, fundi cherehani, ndani ya dira lake la zambarau, alinyoosha mkono kuchukua taa ya sola ya mwisho, akakuta mkono mwingine umeshaishika.

"Dada, mimi naitaka niiwashe," kijana alisema. "Na wewe?"

"Nataka niivunje."

Jamani! Kijana akacheka mpaka akaiachia. Ndiye Mudrik huyo, mkulima wa mwani kutoka kisiwa cha Juani, shati jeupe, mikono inanukia chumvi. Aliondoka bila taa, lakini na namba ya simu.

Kila jioni akawa anapiga. "Malkia wa nyaya, leo umevunja nini?"

Arafa akamweleza alichokuwa hajamweleza mtu: kila akifunga cherehani huvunja vifaa aone vilivyo ndani, na hujifundisha kuamrisha chipu ndogo kwa lugha yake yenyewe, ya chini kabisa, mguu mmoja mmoja wa chipu, huu uwake, huu uzime.

"Si kuna programu zilizo tayari, mpenzi?"

"Zipo. Lakini nataka nijue mwenyewe kinachofanyika mle ndani."

Posa ilikuwa inangoja neno la mtu mmoja tu, Bi Mwanahalima, mama yake Mudrik. Basi Arafa akamtengenezea taa ya kuwaka maji yakishapwa vya kutosha, ajue wakati wa kwenda kwenye mwani. Siku ya kwanza iliwaka sawasawa. Siku ya nne Bi Mwanahalima, kwa kumheshimu mkwe, aliifuata bila kuchungulia nje. Akashuka pwani na kamba zake za mwani, akakuta maji ya kiunoni. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini.

Mudrik akapiga simu. "Habibti, taa yako inawaka saa ile ile kila siku! Maji ya wapi hayo?"

"Mama amesemaje?"

"Anasema mtu asiyejua kuwa maji huchelewa kila siku hawezi kukaa Juani."

"Na wewe ulicheka?"

"Kidogo."

Arafa akakata simu. Kosa lake alilijua papo hapo: mzaliwa wa Mafia, akahesabu saa ishirini na nne kama mtu wa bara. Hilo aliweza kulirekebisha. Ile "kidogo" ndiyo iliyomchoma, na wiki mbili hakupokea simu.

Siku ya kumi na tano Mudrik akaingia kwenye kibanda cha ushonaji cha Arafa, amekonda, daftari la shule mkononi.

"Kila siku nimesimama majini na saa. Nimeandika maji yalipopwa kabisa. Siku nyingine huchelewa dakika arobaini, nyingine zaidi ya saa. Sisi huwa tunaangalia tu, hatuhesabu. Nisamehe, Arafa. Nilikucheka, na mimi mwenyewe nilikuwa sijui."

Arafa akafungua kurasa, machozi yakimlenga. Mmoja ulikuwa umelowa. "Hapa ulianguka?"

"Niliteleza. Mbona unacheka?"

"Kidogo."

Bamvua lililofuata, maji yalipopwa sana tena, Arafa alikuwa barazani kwa Bi Mwanahalima huko Juani, kanga mpya, na taa aliyoipangia upya kwa hesabu za daftari la Mudrik. Jana yake taa iliwaka saa tatu asubuhi. Leo saa tatu ikafika, taa kimya. Bi Mwanahalima akatazama taa, akatazama maji. Arafa alitamani ardhi immeze.

Saa tatu na dakika arobaini na nane, ikawaka.

Bi Mwanahalima akajifunga kanga kiunoni, akaokota kamba mbili, moja akamtupia Arafa.

"Twende, mwanangu. Na wewe Mudrik, unanitolea macho ya nini? Kamwambie baba'ko apeleke posa Kilindoni leo hii, kabla maji hayajajaa."