Utando Juu ya Kisima cha Hewani

Kila alfajiri, kabla ya kwenda shuleni, Teresia alichota maji jerikeni mbili katika kisima cha ukingoni. Kisima chenyewe kilikuwa shimo lililochimbwa mchangani, hatua chache kutoka Mto Tana, na mama yake, Hulda, ndiye aliyekabidhiwa na wanakijiji wa Hewani kukitunza. Kando yake ilipita malka, njia ambayo wafugaji hushushia ng'ombe wao mtoni tangu enzi za mababu.

Ijumaa hiyo Teresia aliinama na kata mkononi, akashtuka. Juu ya maji palitanda utando uliometameta zambarau na kijani, mithili ya shingo ya njiwa. Kuta za shimo zilishika ute mwekundu kama kutu iliyolowa.

"Dizeli," alinong'ona. "Ni dizeli yangu."

Siku tatu nyuma alikuwa ametumwa kurudisha nyumbani jerikeni tupu ya dizeli ya pampu inayomwagilia migomba. Mama alikuwa amemkanya mara nyingi asiioshe karibu na kisima. Lakini jua lilikuwa limeinama, uvivu ukamshika, akaisuuza pale pale na kumwaga maji yale kando ya shimo. Aliyaona yakizama mchangani. Akajiambia, mchanga umeyameza, yamekwisha.

Kabla hajajua la kufanya, jirani yao, Mama Martin, alifika na ndoo kichwani.

"Jamani, njooni! Kisima kimetiwa kitu!"

Watu wakakusanyika, mama yake akiwa miongoni mwao. Mzee Maro, mwenyekiti wa kamati ya maji, alichungulia shimoni, akatikisa kichwa.

"Nani aliyenywesha mifugo hapa jana jioni?"

"Hirbo!" sauti tatu zilijibu kwa pamoja.

Hirbo, mfugaji wa Kiorma, alikuwa akiteremka na ng'ombe wake wakati huo huo. Bintiye Bushra, aliyeketi dawati moja na Teresia, alikuwa nyuma yake akiswaga ndama.

"Mzee Maro, hata ndama wangu hunywa maji ya kisima hiki," alisema Hirbo. "Nani atatia sumu tumbo la ndama wake mwenyewe?"

"Na hiyo dawa ya kupe mkobani mwako ni ya kunywea chai?" kijana mmoja alidakia. Wengine wakacheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na utani.

"Tutafunga malka kwa miba," Mzee Maro alikata shauri. "Mpaka tujue ukweli."

"Mashamba yenu yameshika ukingo wote. Mkifunga hapa, ng'ombe arobaini watakunywa wapi?" Hirbo aliuliza.

Vijana wawili walikwisha kuchukua mapanga kwenda kukata miba.

Bushra alimsogelea rafiki yake. "Tere, wewe unamjua baba. Waambie."

Teresia alimtazama Bushra, kisha akamtazama mama yake. Akisema, mama atavuliwa kazi ya kisima mbele ya kijiji kizima. Asiposema, atakaaje dawati moja na Bushra Jumatatu? Tawi la kwanza la miba liliburutwa mpaka katikati ya njia. Ng'ombe wa mbele alisimama, akalinusa, akalia.

"Si yeye!" Teresia alipaza sauti. "Ni mimi. Niliosha jerikeni ya dizeli hapa Jumanne."

Mama yake alishika kiuno. "Teresia! Nilikukanya mara ngapi?"

"Nyingi, mama."

Mwalimu Beryl, aliyefundisha sayansi shuleni kwao, alikuwa akipita kwenda kazini. Aliposikia yaliyotokea, alichutama kando ya shimo, akavuta pumzi puani.

"Mbona sisikii harufu ya dizeli? Nipeni kijiti, na beseni la maji lenye tone la dizeli."

Vilipoletwa, alichoma tone lile kwa kijiti. Mafuta yalitawanyika, kisha yakaungana tena mara moja. Akageukia kisima na kuchoma ule utando. Ulivunjika vipande vipande kama sahani, na vipande vikabaki vimetengana.

"Mmeona? Mafuta huungana tena. Huu ni utando wa kutu, na walioutengeneza ni bakteria."

"Bakteria watengeneze kutu?" Mzee Maro aliuliza.

"Ndiyo, mzee. Maji ya chini ya ardhi hubeba chuma kilichoyeyuka. Yakitoka kukutana na hewa, bakteria hawa hukitumia chuma hicho kujipatia nguvu, na kukiacha kikiwa chembe za kutu. Chembe hizo ni ndogo ajabu. Ukizipanga elfu kumi kwa mstari, hazifikii upana wa unywele. Zikirundikana ndipo tunaona ute huu mwekundu."

"Wahunzi wasio na nyundo," alisema Hirbo. Safari hii watu walicheka kweli.

"Kutu hii si sumu," Mwalimu aliendelea. "Lakini kwa kuwa dizeli ilimwagwa karibu, tuyachote maji yote tuyatupe mbali, kisima kijae upya. Hata hayo mapya, chemsheni kabla ya kunywa."

Mzee Maro alikwenda mwenyewe kuondoa miba njiani. "Hirbo, nimekukosea. Pitisha ng'ombe wako."

Teresia alishusha pumzi. Mama yake alimkabidhi ndoo.

"Usidhani umesalimika kwa kuwa ni bakteria," alimwambia. "Dizeli ulimwaga, na ungeweza kutuua. Utachota maji haya mpaka tuone mchanga."

"Nimekubali, mama."

Bushra alishika upande wa pili wa ndoo bila kuambiwa. Mama aliwatazama, sauti yake ikalainika.

"Lakini umesema, tena mbele ya watu, na kwa hilo sikuonei haya. Shikeni hili nyote wawili, wanangu: kosa likifichwa haliozi. Linatafuta mgongo wa mtu mwingine wa kulibeba."