Nyuso Nyuma ya Marobota

Kombora la pili lilipoanguka upande wa Lubiri, kasri lililogeuzwa kambi ya jeshi, Tajudin alimshika Salme mkono akamwingiza stoo, nyuma ya duka lake la vitambaa pale Mengo. Ilikuwa Aprili 1979, asubuhi. Siku ya tatu sasa mizinga ilikuwa inalia, na wanajeshi waliokuwa wakikimbia walivunja maduka njiani.

Hawakuwa wamegusana tangu Januari. Salme alikuwa akichora kwa siri sura za watu wa mtaa waliochukuliwa na askari wasirudi. Tajudin alizikuta karatasi chini ya godoro, akazichoma zote. Zingeonekana, wangeuawa wote wawili. Salme akamwita mwoga. Yeye akatamka talaka moja. Tangu hapo Salme alikuwa akikaa eda humo humo ndani, wakipishana koridoni kama wapangaji.

Macho yalipozoea giza, Tajudin aliona ukuta. Nyuma ya marobota zilikuwa nyuso zilizochorwa kwa mkaa, kuanzia sakafuni hadi kimo cha mtu. Alimtambua Akullo, yule nesi jirani. Kisha akamwona Nasser, mdogo wake mwenyewe aliyechukuliwa na askari, ambaye Tajudin alikuwa amekataza asitajwe nyumbani.

Salme alingoja akaripiwe.

"Umeanza lini?"

"Siku ile ile uliyochoma zile."

Mtu aligonga mlango wa duka kwa kitako cha bunduki, mara tatu. Mlango haukufunguka. Nyayo zikaenda kwa jirani. Tajudin na Salme walikuwa wamechoka hata kuogopa.

"Sikio la kushoto siyo lake," Tajudin akasema, akiutazama uso wa mdogo wake. "Lilikuwa na kovu. Nilimkata kwa wembe nikimnyoa, tukiwa watoto." Akaligusa lile sikio ukutani. "Nilikwenda mpaka geti la kambi, Salme. Mara mbili. Sikuuliza. Nikarudi nikakudanganya kwamba wamesema hawamjui."

Salme alimwekea kipande cha mkaa kiganjani, na Tajudin akalichora lile kovu mwenyewe.

Kesho yake redio ikatangaza kwamba serikali imeanguka. Dukani hakikubaki kioo hata kimoja. Wakifagia, Tajudin alisema:

"Eda yako inaisha Ijumaa. Nataka kukurejea, lakini sitamki mpaka uniambie unataka. Ukikataa, nitakupeleka kwa kaka yako."

"Sijakusamehe zile karatasi."

"Najua."

"Na nimechoka sana, Tajudin."

"Hata mimi."

Salme aliendelea kufagia. Mwishowe akasema atabaki, ila mlango wa stoo usifungwe tena. Watu waje wawaone watu wao.

Tajudin akaenda kumwita imamu na mashahidi wawili. Waliporudi, mama yake Akullo alikuwa amesimama stoo, kiganja chake ukutani chini ya uso wa mwanawe, Salme akiwa amemshika bega. Imamu alivua viatu mlangoni. Wakangoja, wanaume wote wanne, mpaka yule mama alipomaliza kulia, ndipo Tajudin akatamka kwamba amemrejea mkewe.