Tuta la Bashira

Kila Jumamosi asubuhi, basi la skuli likitoka Mji Mkongwe kwenda Kidichi, lilisimama Amani kumpakia Hamda na ndoo yake. Ijumaa alikuwa akilala kwa mjomba wake, mfugaji wa kuku, na ndoo ile ilijaa samadi. Ilinuka hasa. Wenzake waliziba pua na kumcheka, naye aliipakata ndoo yake na kuangalia nje.

Hamda alikuwa na jambo lake. Darasa la sita walikuwa wakijifunza kilimo cha viazi vitamu katika shamba la Mzee Muhiddin, na kila mwanafunzi alipewa tuta lake moja na marando ya kupanda, yaani mashina ya viazi yanayotambaa. Atakayevuna viazi vingi kuliko wote ndiye atakayekuwa kiongozi wa shamba msimu ujao. Tena Mzee Muhiddin atampa jembe dogo, alilolitia mpini kwa mkono wake mwenyewe. Hamda alilitamani jembe lile tangu siku ya kwanza alipoliona limeegemezwa mlangoni. Nyumbani alishamwambia bibi yake kwamba jembe ni lake, bado kukabidhiwa tu.

Tatizo lilikuwa Bashira. Bashira na Hamda walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza, wakigawana hata kachori. Lakini shambani Bashira alikuwa mtu mwengine. Alimfuata Mzee Muhiddin kila hatua akimuuliza hili na lile, na tuta lake lilinyooka toka mwanzo hadi mwisho.

"Hili tuta umelipimia kamba, mjukuu wangu?" Mzee Muhiddin alimuuliza siku moja mbele ya darasa zima. "Hata mimi langu halikunyooka hivi."

Watoto walicheka. Hamda naye alicheka, lakini kwa meno tu, maana roho ilikuwa ikimuuma. Nani aliyebeba ndoo ya samadi kila wiki mpaka mkono ukaota sugu? Si yeye? Na mbona hakuna aliyemwambia ahsante?

Mzee alipofika kwenye tuta la Hamda, aliinama akashika udongo. "Samadi inatosha sasa," alisema taratibu. "Ukizidisha, marando yatashiba majani tu, na chini usipate kitu."

"Naam, babu," alijibu Hamda. Moyoni alisema, anamtetea Bashira huyo, hataki nimpite. Jumamosi iliyofuata alikuja na ndoo mbili.

Mwezi wa tatu tangu kupanda, marando yalitambaa mpaka yakashuka kwenye mitaro baina ya matuta. La Hamda lilijaa majani mapana, ya kijani kibichi, na kila aliyepita alilisifu. Hata hivyo hakutulia. Kila akinyanyua macho, yalikwenda kwenye tuta la Bashira. Husuda ina kazi ngumu kuliko kulima, kwani mkulima hupumzika adhuhuri, lakini Hamda hakupumzika.

Jumamosi moja Bashira hakuja, alikuwa na homa. Saa ya kuondoka ilipofika, wenzake walikimbilia mferejini kuosha miguu. Hamda alibaki nyuma. Aliangalia huku na huku, kisha akachutama penye tuta la Bashira, akashika rando moja lililotambaa mtaroni na kulivuta. Rando lilikuwa limeota vijizizi kwenye kila kifundo, navyo vikakatika kimoja kimoja. Akavuta la pili na la tatu. Alikwenda mpaka mwisho wa tuta, akayatupa marando yote juu ya tuta, matumbo ya majani yakaelekea juani.

"Yakauke," alisema kwa sauti ndogo. Halafu akaenda kuosha mikono.

Jumamosi iliyofuata Bashira bado alikuwa anaumwa, na Mzee Muhiddin aliwakusanya wanafunzi.

"Leo tunainua marando," alisema. "Rando likiota mizizi mtaroni, huanza kutunga viazi vidogo vidogo huko, na nguvu ya kiazi kikubwa cha tutani ikagawika. Kwa hiyo tunaliinua, tunakata ile mizizi, tunalirudisha juu ya tuta. Majani yatasinyaa siku mbili tatu, msiogope." Akaligeukia tuta la Bashira. "Na huyu nani aliyemaliza kazi kabla sijamfundisha?"

Hamda alihisi masikio yamemwaka moto. Kumbe siku ile alitaka kuharibu, na bila ya kujua akampalilia mwenzake! Kwa hasira alikaa pembeni ya tuta lake na hakuinua hata rando moja. Aliona akifanya alichofanyiwa Bashira, ni kama kukubali kuwa ameshindwa. Isitoshe, majani yake yalipendeza, kwa nini ayavuruge?

Siku ya kuvuna ilifika wiki moja kabla ya Ramadhani. Bashira alikuwa amepona zamani. Mwalimu Salhiya, mwalimu wao wa sayansi, alileta mizani na daftari. Hamda alichimba kwa pupa, akitarajia mafungu. Alitoa viazi vyembamba, vingine kama vidole, vingine mizizi mitupu. Aliendelea kuchimba hata pale ambapo palishachimbwa. Tuta la Bashira lilitoa viazi ambavyo kila kimoja kingetosha sufuria ya futari ya watu watatu.

Mzee Muhiddin alilileta lile jembe. "Nnampa Bashira," alisema, "viazi vyake vimezidi vyote, kwa sababu aliinua marando yake kabla ya kuambiwa, nadhani kabla hata ya kuugua."

Bashira hakunyoosha mkono. "Si mimi, babu," alisema. "Siku hizo nilikuwa kitandani. Kuna mtu alinifanyia."

Watoto wakaangaliana. Bashira akageuka, uso wake umechangamka. "Hamda, ni wewe? Mwenzetu Nadra kaniambia ulibaki nyuma siku ile. Nilitaka kukuuliza zamani."

"Kama ni Hamda," alisema Mzee, "basi jembe ni lake. Anayemfanyia kazi mgonjwa anastahili kuongoza."

Watoto walipiga makofi. Jembe likawa mbele ya Hamda, mpini wake laini, wa mpera. Lilibaki neno moja tu, "naam." Hakuna hata mtu mmoja ambaye angejua. Hamda alilishika, akaona lilivyo jepesi, kisha akamtazama Bashira aliyekuwa akimchekea kwa furaha ya kweli.

"Nilifanya mimi," alisema. "Lakini sikukusaidia, Bashira. Nilitaka viazi vyako vife."

Makofi yalikatika. Hamda aliliweka jembe chini, akaanza kulia. Bashira aliokota kapu lake na kwenda kukaa peke yake.

Mwalimu Salhiya alimwacha Hamda alie kwanza, kisha akaketi naye pembezoni mwa shamba. "Umesema kweli pale ambapo uongo ungekupa zawadi, na hilo nimeliona," alisema. "Sasa angalia tuta lako. Babu alikuonya kuhusu samadi, hukumsikia. Akakufundisha kuinua marando, ukakataa. Macho yako yote yalikuwa kwa Bashira, mwanangu, na tuta lako likakosa mtu wa kuliangalia. Huo ndio ubaya wa husuda. Unadhani unamuumiza mwenzako, kumbe shamba linaloharibika ni lako."

Jembe alipewa Bashira. Siku mbili tatu darasani hakumsemesha Hamda, na Hamda hakumlaumu.

Msimu mpya ulipoanza, kila mwanafunzi alikuja Kidichi kutafuta marando ya mbegu. Hamda alikuwa amesimama mbele ya tuta lake tupu, safari hii bila ya ndoo, pale Bashira alipomjia na kifungu cha marando aliyoyakata kwenye tuta lake mwenyewe.

"Shika," alisema. "Ila wakati wa kuinua ukifika, anza na lako."

"Ntaanza na langu," alisema Hamda. Akayapokea kwa mikono miwili, wakainama kupanda.