Mize na Mwani wa Mama

Kwach. Kwach. Kwach.

Usiku mkubwa, Mize aliamka. Nini hicho?

Kwach. Kwach.

Alipapasa kitandani. Mama hayupo. Mahali pa mama pamepoa.

Mama alikuwa sebuleni, na mkasi. Alikuwa anakata vikamba vya kufungia mwani.

"Mama, njoo tulale."

"Nakuja, mwanangu, nakuja, nimalize hivi, kesho maji yanatoka mbali, na mbegu ndiyo hii hii iliyobaki, nakuja."

Kwach. Kwach. Mama hakuja.

"Anaupenda mwani," Mize alisema peke yake gizani. "Na mimi je?"

*

Asubuhi, mama alikuwa mbio mbio.

"Haya, Mize, amka, beseni liko wapi, kamba ziko wapi, jua linapanda, maji yatarudi, haya, haya!"

Kwenye beseni kulikuwa na mbegu ya mwani. Vipande vya mwani mbichi, vya rangi ya kahawia, vyepesi kuvunjika, pwak! kama figili.

Mama aliufunika mwani kwa kanga iliyolowa. Pole pole. Akaikunja pembe hii. Akaikunja na pembe ile.

Jana usiku Mize hakufunikwa hivyo.

"Na mimi je?" alisema Mize.

Lakini mama alikuwa ameshatoka mlangoni.

*

Bahari ilikuwa imetoka mbali, mbali. Mchanga ulikuwa mweupe na maji yalikuwa machache, yanafika kwenye vifundo vya miguu.

Mize alitia mguu. Lo! Maji moto, kama chai!

"Umeona?" alisema mama. "Hapa ndipo nilipopanda mwezi uliopita. Maji yamechemka, jua limepiga, mwani wote ukawa mweupe pee. Ukakatika. Ukaenda na maji. Wote, Mize!"

Macho ya mama yalikuwa makubwa. Mama alikuwa anaogopa.

"Sasa nitapanda kule mbele, kwenye kina. Kule maji ni baridi. Mbegu hii ikifa, sina nyingine."

Jirani yao, Bi Hidaya, alipita na vijiti vyake begani. Akachungulia ndani ya beseni.

"Shoga! Mbegu imenona hiyo! Mwanao je, mbona mwembamba kama kijiti? Unamlisha nani, mtoto au mwani?"

Mama akacheka. Bi Hidaya akacheka.

Mize hakucheka. Kitu kilimchoma kifuani, chwi, kama mwiba wa samaki.

*

"Mize, sikiliza," alisema mama. "Mimi naenda kufunga kamba. Wewe kaa na mbegu. Usiifunue. Kanga ikikauka, imwagie maji ya bahari. Sawa?"

"Sawa."

Mama akaenda. Akawa mdogo. Akawa mdogo zaidi. Akawa nukta.

Mize akabaki na mwani.

Akauangalia mwani. Mwani ulikuwa umejifunika gubigubi, tena kwa kanga ya mama, ile yenye maua ya zambarau.

"Kanga ya mama yangu hiyo," alisema Mize. "Si ya mama yako."

Mwani kimya.

"Wewe unafunikwa. Wewe unakatiwa vikamba usiku. Na mimi je?"

Mwani kimya kabisa.

Basi Mize akashika pembe ya kanga. Vuu! Akaivuta yote.

Akajifunika yeye. Kichwani, mabegani, mpaka miguuni. Ahh! Baridi. Kanga ilinukia sabuni, ilinukia mama.

"Leo ungoje wewe," aliuambia mwani.

*

Jua likapanda. Kali. Kali. Kali.

Ndani ya kanga, Mize alikuwa baridi, raha mustarehe. Akachora samaki mchangani. Akachora na pweza, mikono yake yote minane.

Kali. Kali. Kali.

Mize akageuka kuutazama mwani.

Eh!

Mwani ulikuwa umelegea. Rangi yake imefifia. Alichukua kipande, akajaribu kukivunja. Hakikusema pwak. Kilipinda tu, tepe, tepe.

Aliugusa. Moto!

Mize akatoa mkono wake nje ya kanga. Jua likamchoma. Haraka akaurudisha ndani.

Mimi nina mikono, aliwaza. Nikiungua, najifunika. Nikichoka na jua, nakimbilia kivulini. Mwani hauna mikono. Hauna miguu. Utakimbilia wapi?

"Jamani! Mwani!"

Akavua kanga. Akaufunika mwani. Akachukua kopo, akakimbia kwenye maji. Yale ya karibu moto! Akakimbia mbele zaidi, mpaka yalipopoa kidogo.

Chubwi! Akachota. Mwaaa! Akamwagia.

Chubwi! Mwaaa!

Chubwi! Mwaaa!

Nywele zililowa. Gauni lililowa. Mabega yaliungua.

"Usife," alisema Mize. "Usife, usife, usife."

*

Ile nukta kule mbali ikawa kubwa. Ikawa mama. Mama alikuwa anakimbia, na Bi Hidaya nyuma yake.

"Kuna nini? Mbona unakimbia kimbia? Umeumia? Umechomwa na nini? Niambie!" alisema mama.

Mama akafunua kanga. Akauona mwani. Akakaa chini mchangani, pu!

"Nani kaufunua?"

"Upepo huo, shoga," alisema Bi Hidaya. "Nini tena? Upepo tu."

Upepo! Mize angeweza kusema ndiyo. Ndiyo, mama, ni upepo.

Lakini upepo haukuwepo. Hata unyasi haukutikisika.

"Si upepo," alisema Mize. Sauti ilikuwa ndogo. "Ni mimi."

"Wewe? Kwa nini, Mize?"

Mize akalia. Maneno yakatoka yote pamoja.

"Kwa sababu unaupenda kuliko mimi! Unaufunika! Unaamka usiku kwa ajili yake! Na mimi je, mama? Na mimi je?"

Bi Hidaya akaangalia vijiti vyake. Akaondoka pole pole, kama mtu aliyesahau kitu.

Mama akaufunika tena mwani.

"Nimekasirika," alisema mama. "Nimekasirika kweli kweli. Sasa njoo hapa."

Mize akaenda. Mama akamweka mapajani, na gauni lake bichi, na mchanga wake wote.

Wakakaa hivyo.

Kisha mama akatia mkono ndani ya beseni. Akaondoa mwani wa juu, ule uliofifia. Akaondoa na mwingine. Akafika chini kabisa.

Akatoa kipande cha kahawia. Akakivunja.

Pwak!

"Mize! Huu mzima! Wa juu umeukinga wa chini, umeona? Umeubebea jua! Twende, twende, maji yanarudi, upesi, panda mgongoni!"

*

Beseni kichwani. Mize mgongoni. Haooo, wakaenda.

Maji yalifika magotini kwa mama. Yakafika kiunoni. Mize akatia mguu.

"Brrr! Baridi!"

"Baridi nzuri," alisema mama. "Hapa jua linapiga juu, chini mwani unapumzika."

Mize alitoa kipande. Mama alifunga. Mize alitoa kingine. Mama alifunga.

Mbegu haikutosha kamba zote. Kamba mbili zilibaki tupu. Mize aliziona. Mama pia aliziona.

*

Baada ya wiki mbili, maji yalipotoka mbali tena, walikwenda kutazama.

Mwani ulikuwa na ncha mpya! Ndogo, za kahawia, nyingi, kama vidole.

Mama alipiga vigelegele.

Mize akaona wivu. Lakini kidogo tu. Kama punje ya mchele.

*

Usiku ule, mama alilala mapema. Mahali pake palikuwa na joto.

"Mize, nikuambie siri?"

"Niambie."

"Mwani nauogopea tu. Usiungue, usikatike, maana ukifa tutakula nini? Lakini wewe, nisipokuona kidogo tu, moyo wangu mbio, mbio, mbio. Hebu weka mkono."

Mize akaweka mkono kifuani kwa mama. Du, du, du.

"Na siri yenyewe hiyo hapo?"

"Bado." Mama akasogea sikioni kwake. "Mimi mwani hata siupendi. Unanuka!"

Mize akacheka mpaka kitanda kikalia.

"Shhh! Usimwambie mtu. Bi Hidaya akisikia, atanicheka mwaka mzima."

"Sitamwambia mtu."

"Hata mtu mmoja?"

"Hata mmoja." Mize akapiga mwayo. Akajisogeza kwapani kwa mama. "Na mwani wenyewe pia, sitauambia."