Mabomba Manne Yaliyofungwa Vitambaa

Saa moja na dakika kumi asubuhi fundi mkuu alifungua boneti ya ile pikapu ya kijivu, akaduwaa. Kisha akapiga kelele, "Jamani! Pampu ya dizeli iko wapi?"

Mama Vipande, mtunza stoo wa gereji, alitoka mbio funguo zikimlia kiunoni. Jina hilo alipewa kwa ajili ya vipande vyake vya shaba. Hupati spana kwake mpaka uache kipande chenye namba yako na utie sahihi daftarini. Hata bosi, aliyemwoa dada yake, huacha kipande kama wengine.

Pikapu yenyewe ilikuwa na miaka thelathini na ushee. Mwenye nayo, mama mmoja wa kusambaza mboga, aliinunua ikiwa hoi, wakaifumua injini yote, wakaweka ringi mpya na kuiongezea tabo, ile feni ya kuisukumia injini hewa ili ipande mlima na mzigo. Jana saa kumi jioni iliwashwa kwa mara ya kwanza. Ilitoa moshi mweusi, ikanguruma, na gereji nzima ikapiga makofi. Leo saa sita mwenyewe angekuja kuichukua.

Bosi alimvuta Mama Vipande pembeni. "Shemeji, kufuli la gereji halijaguswa. Funguo ni seti moja tu, na iko kiunoni mwako. Unataka nifikirie nini?"

"Fikiria utakavyo, ila usiniseme mbele ya watu."

"Nakupa mpaka saa tano. Isipopatikana, utanikabidhi funguo, nami nitaita polisi. Dada yako atanila nyama, lakini nitafanyaje?"

Miaka kumi na tisa ameshika funguo zile na hakijapotea hata kijiti cha kupimia oili. Alichukua tochi akainama ndani ya injini, akitarajia kukuta mambo shaghalabaghala.

Haikuwa hivyo. Mabomba manne ya kupeleka dizeli kwenye nozeli zinazoinyunyizia injini yalikuwa mahali pake, na kila mdomo umefungwa kitambaa cheupe kwa uzi ili vumbi lisiingie. Nati zote zilirudishwa kwenye skrubu zake kwa mkono. Chini hapakuwa na tone la dizeli. Hata daktari wa upasuaji, aliwaza, haachi mahali pasafi hivi.

"Huyu ni mwizi wa namna gani?" akanong'ona.

"Na tazama," fundi mkuu akasema, akionyesha bamba la chuma pampu inapokaa. "Amechora mstari kwa msumari kabla ya kuing'oa. Huo ndio unaokuonyesha pa kuirudishia. Ukikosea unene wa ukucha, injini inakusumbua."

"Mbona naona mistari miwili?"

"Wa kwanza niliuchora mimi juzi. Huu mpya uko pembeni yake. Sijui kwa nini alichora wa pili na wa kwanza unaonekana wazi."

Mama Vipande alilitia hilo akilini. Kisha akaanza kuuliza watu.

Mlinzi wa getini aliapa kwamba jana ni mtu mmoja tu aliyetoka na mfuko mzito, mwuza vipuri, saa kumi na moja kasoro. Huyu alikuwa ameililia pampu ile miezi mitatu. Alipoitwa alikuja ametuna, akaufungua mfuko wake mbele yao. Ndani mlikuwa na stata kuukuu na risiti yake.

"Niliitaka, sikatai," alisema. "Lakini ningekuwa mimi ningeyakata mabomba nikaondoka zangu. Nani ana muda wa kufunga vitambaa?"

Lilikuwa jibu la mtu asiye na haya, na kwa sababu hiyo Mama Vipande alimwamini.

Wa pili alikuwa fundi wa bodi, waliyemwita Nyundo, aliyegombana na mwenye pikapu juu ya rangi.

"Jana saa kumi na nusu hadi saa kumi na mbili ulikuwa wapi?"

"Mama, umesahau? Tipa ilikwama getini, sote tukaisukuma. Wewe ulikuwa nyuma yangu, ukinitukana kwamba nasukuma kwa mdomo!"

Ni kweli, alimtukana. Hapo Mama Vipande akapiga hesabu. Kama gereji nzima ilikuwa getini kwa muda wa saa moja na nusu, basi pampu iling'olewa wakati huo, kabla yeye hajafunga. Kufuli halikuvunjwa kwa sababu hapakuwa na haja ya kulivunja. Na kama mlinzi aliona mfuko mmoja tu ukitoka, basi pampu bado imo humu humu.

Alirudi stoo akafungua daftari la jana. Saa kumi na dakika ishirini spana ndefu namba kumi na saba ilitolewa. Jana alidhani aliyesaini alikuwa na haraka, maana sahihi ilikuwa imepanda juu ya jina la Nyundo, mstari wa mwenzake. Aliitazama mara ya pili. Alitamani awe amekosea.

Saa tatu kamili alibisha hodi kwenye chumba cha pampu.

Chumba hicho watu wote huingia bila viatu. Sakafu hupigwa deki mara mbili kwa siku, na vitambaa vyake ni mashati ya zamani yaliyochemshwa mpaka yakaacha kutoa nyuzi. Rafu zimejaa pampu, na katikati ipo mashine ya kupimia yenye mirija minne ya kioo. Mwenye chumba ni Mzee Nozeli. Pampu aliyoipima huipiga sili, muhuri wa risasi wenye alama yake, na katika miaka thelathini na saba hakuna sili yake iliyowahi kufunguliwa ili kusahihishwa. Mama Vipande alipokuwa mgeni pale, mzee huyu alimfundisha majina ya spana moja moja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Vipande. Nimezisikia funguo zako tangu mlangoni kwa bosi."

"Mzee, mwizi hafungi mabomba vitambaa. Aliyefunga anataka kuirudisha pampu. Jana wakati wa tipa sote tulikuwa getini isipokuwa wewe. Ulichukua spana kumi na saba, na sahihi yako ikaangukia mstari wa Nyundo. Na ulichora alama mpya kando ya alama iliyokuwepo. Hukuiona, mzee."

Mzee Nozeli alipapasa meza, akafunua kitambaa. Pampu ilikuwa pale, inang'aa, sili yake imekatwa.

"Jana mlipiga makofi," alisema taratibu. "Mimi niliusikia mgongo wa injini ukigonga. Dizeli ilikuwa nyingi mno. Mama wa watu angefika katikati ya mlima na mzigo wake, pistoni zikayeyuka. Nilisoma mstari wa tano kwenye kioo nikadhani ni wa nne. Tangu ulipofungua asubuhi najaribu kusoma upya. Ni ukungu mtupu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba Nozeli haoni? Nilitaka niirekebishe, niirudishe kimyakimya, iwe imekwisha."

"Bosi amenipa mpaka saa tano nimrudishie funguo. Anadhani ni mimi."

Mzee aliinua uso. Ilikuwa wazi kwamba hilo halikumpitia akilini hata kidogo, na machozi yakamlengalenga. "Wewe? Basi kaa hapa kwenye kioo. Nisomee."

Mashine ikanguruma. Mama Vipande akayakazia macho matone yaliyokuwa yakijaza mirija. "Wa kwanza, nne na nusu. Wa pili, tano kasoro." Mzee aligusa skrubu kama mtu anayepapasa mshipa wa mtoto mgonjwa. "Sasa?" "Imeshuka. Bado kidogo." Ilipotimu saa nne, dizeli ilisimama kwenye mirija yote minne mstari wa nne, sawasawa, hata unywele usingepita. Miaka yote Mama Vipande alikuwa akitoa spana dirishani bila kujua kwamba kazi inaweza kuwa nzuri kiasi hiki.

Mzee aliibeba pampu mwenyewe mpaka mbele ya bosi na mafundi wote. "Niliitoa mimi. Nilikosea vipimo nikaona aibu. Mama huyu hana hatia." Bosi akamwomba shemeji yake radhi mbele ya watu.

Saa sita kasorobo pikapu iliwashwa. Moshi ulikuwa mwembamba, karibu hauonekani, na injini ilitulia hivi kwamba Nyundo alivua kofia. Mwenye pikapu alipofika, mzee alimweleza yote tangu mwanzo. Yule mama aliusikiliza mngurumo, akamtazama mzee, akasema, "Kumbe ningekufa mlimani. Asante, baba."

Watu walipotawanyika, Mama Vipande alileta daftari. Pampu ilitolewa bila kuandikwa, na kwake hilo halipiti. Aliushika mkono wa mzee, akaiweka kalamu mahali pake. "Hapa, mzee. Huu ndio mstari wako."

Mzee alisaini, na safari hii jina lilikaa sawa.

"Kwenye sababu niandike nini?" akauliza Mama Vipande.

Mzee Nozeli alifikiri kidogo. "Andika macho," akasema. "Na ukimaliza, unisomee ulichoandika."