Harufu ya Kwato

Jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ile lilikuwa la mapazia. Mke wa dalali, fundi cherehani, alisimama juu ya stuli sebuleni, pini zimejaa mdomoni, na mumewe ameshika ncha ya kitambaa kama mwanafunzi aliyeadhibiwa.

"Nyanyua, bwana wee. Unashika pazia au unanyonga kuku?"

"Kazi yangu kuuza nyumba, si kuzivalisha."

"Ndiyo maana zako zote zinauzwa uchi."

Wakacheka. Tangu waoane walikuwa watu wa vyumba vya kupanga, wakihama kila kodi ilipopanda. Sasa sebule ilikuwa yao. Mwanamke akanyoosha mkono afunge pindo, halafu akatulia, pua juu.

"Kuna kitu kinaungua?"

Dalali akanusa, akaachia kitambaa. Ilikuwa harufu ya kwato za mbuzi juu ya makaa. Aliijua vizuri kwa sababu alikuwa akiitengeneza mwenyewe.

Katika mji ule nyumba zilikuwa chache na watu tele. Nyumba ilitangazwa asubuhi, mchana wanunuzi wamesongamana getini, na bei ilipanda watu wakiwa bado wanakagua jiko. Alipopewa hii aiuze, dalali aliitaka yeye, na uwezo hakuwa nao. Basi kila mnunuzi alipokuja, alitangulia kuficha kopo la makaa darini, akatupia vipande vya kwato, kisha akamvuta mgeni pembeni.

"Mimi nakula kwa kuuza," alinong'ona, "lakini Mungu ananiona. Nyumba hii ni ya majini."

Wakakimbia mmoja baada ya mwingine. Wa mwisho alikuwa muuguzi mmoja mjane, mama wa watoto wawili, ambaye alikwisha kuchagua ukuta wa kuegemeza vitanda vyao. Alimshika dalali mkono kwa mikono yake miwili. "Umetuokoa, kaka yangu," alisema, akaondoka akifuta machozi. Mwenye mali akakata tamaa, bei ikaporomoka, dalali akanunua. Mkewe hakuwa na habari.

"Jirani anachoma takataka," alimwambia sasa. "Endelea."

Bomba la jikoni likafunguka. Maji yakatoka, yakakata. Likafuata la bafuni. Mlango wa chumbani ukafunguliwa na kufungwa, ukafunguliwa na kufungwa, kama anavyofanya mtu anayejaribu bawaba. Kisha kitu kikaanza kugonga ukuta, ko, ko, kikisikiliza, kikisogea, kikizunguka sebule nzima. Dalali alizijua sauti zile. Ndivyo wanunuzi wanavyokagua nyumba.

"Nani yuko ndani?" mkewe alinong'ona.

"Shuka."

"Mume wangu, nani—"

Stuli ikachomolewa chini yake, lakini hakuanguka. Alibaki hewani, nyayo zikitafuta pa kukanyaga, kisha akarushwa ukutani kwa bega, akavutwa, akarushwa ukuta wa pili, akavutwa tena, pazia likimzonga shingoni, na mumewe akimkimbilia huku na huku bila kuwahi, mpaka alipoanguka miguuni pake mdomo umefumbwa, na dalali akaona koo la mkewe likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, likizimeza pini.

Mganga wa majini aliletwa siku iliyofuata, adhuhuri. Lilikuwa pande la mtu, lenye mkoba wa ngozi na maneno mengi.

"Tulia, mdogo wangu. Hao nitawafukuza kama panya."

Mgonjwa alikuwa chali juu ya godoro, macho wazi, hapepesi. Mganga alifungua kinywa tu aanze kuwafukuza, mlango ukang'oka na fremu yake, ukamkandamiza mkono sakafuni. Mfupa ulisikika ukikatika. Vidole vilivyobaki nje vikapindishwa nyuma, kimoja, kingine, kingine, naye akipiga kelele zilizokwaruza koo.

"Nani kawaingiza humu?" aliweza kuuliza.

Jibu lilitoka kinywani mwa mwanamke, sauti nyingi kwa pamoja, za wazee na za watoto.

"Mume wa huyu."

Mganga akajichomoa, mkono unaning'inia. Hakumtazama dalali. "Mimi natoa wavamizi. Hawa wamekaribishwa. Zungumza nao wewe." Akaondoka bila mkoba.

"Tulikuwa na magofu, mkayabomoa," zilisema sauti. "Tulikuwa na visima, mkavifukia. Kila uwanja mtupu mmeumwagia zege, na sisi tunazaana kama nyinyi. Ndipo tukasikia mtu anasema nyumba hii ni yetu. Akasema tena na tena, na fukizo akatufukizia. Tukahama kwa neno lake. Tulipofika, tukakuta mnatundika mapazia."

"Ulikuwa uongo wa kazi tu, wakubwa zangu." Dalali alikuwa amepiga magoti. "Chukueni nyumba! Tunatoka leo hii."

"Haitutoshi. Wengine tumekwisha kuingia humu."

Mkono wa mkewe ukanyanyuka, ukagonga kifua chake mwenyewe. Ko, ko. Ukasikiliza. Ukagonga tena kwa nguvu zaidi.

"Humu mna joto. Ni padogo tu. Ukuta huu tukiubomoa, patapanuka."

Ngumi ikashuka, ubavu ukalia kama kijiti, ngumi ikashuka tena, na dalali akaidaka kwa mikono miwili nayo ikamburuta juu yake, ikimpigisha kichwa kifuani pa mkewe, damu ikiwarukia wote wawili usoni, mpaka akapiga ukelele:

"Mwacheni! Semeni mnataka nini!"

Mkono ukaanguka. Kwa mara ya kwanza tangu jana alisikia sauti ya mkewe mwenyewe, ndogo, ya mbali.

"Mume wangu, wanahamisha vitu ndani yangu."

Kisha wakarudi wao. "Wewe si dalali? Tutafutie nyumba. Zenye watu, maana tupu zina baridi. Kila nyumba utakayotutamkia, familia moja itatoka humu."

Asubuhi yake aliamkia kuoga na kuvaa shati la kazi. Alimwacha mkewe na shemeji yake, mdogo wa mkewe. Alikwenda kwanza kwenye majumba makubwa, akafukuzwa na walinzi kabla hajafungua mdomo. Akasimama barabarani muda mrefu. Kisha akaenda kwa muuguzi, ambaye hatimaye alipata kijumba nyuma ya shule.

"Karibu, kaka yangu!" Muuguzi alicheka, akampa kiti kizuri. "Hebu ninusie na hii, wewe ndiye mtaalamu. Chai inakuja."

Akaingia jikoni. Watoto walikuwa sakafuni, wanachora. Ukutani, vitanda vyao viwili vilikuwa vimetandikwa.

Safari hii dalali hakubeba kwato. Aliinamisha uso, akasema polepole, kama alivyozoea kusema kazini: "Nyumba hii ni ya majini."

Simu ikatetemeka mfukoni. Shemeji yake alikuwa ameandika: *Ametema pini moja. Anaomba maji.*

Mtoto mdogo aliacha kuchora, pua juu.

"Mama, kuna kitu kinaungua?"

Dalali akasimama, akatoka bila kuaga, akafunga geti taratibu nyuma yake. Njiani akaanza kuwakumbuka, mmoja mmoja, watu wengine wanaomwamini.