Miwani ya Apenisa

Jumamosi ile mvua ilikuwa inapiga Suva, mji mkuu wa Fiji, kama inaudai, na duka la miwani karibu na soko lilijaa watu ambao nusu yao waliingia kujikinga tu. Merewai hakuwa miongoni mwao. Yeye alifuata miwani yake ya kusomea, maana mwalimu asiyeona vizuri huchezewa na darasa zima. Alivaa gauni la bluu juu ya sketi ndefu ya rangi hiyohiyo, na sikioni alichomeka ua jeupe lililolowa.

Mbele ya kioo alisimama mwanamume mrefu, shati la maua, sketi ya kiume iitwayo sulu, iliyopigwa pasi vizuri, na vidole vyenye grisi ambayo sabuni ilikuwa imeshindwa nayo. Alishika miwani janja mkono huu na nyingine mkono ule.

"Dada, samahani," alisema, akimtazama mdomo. "Nisaidie. Ipi nivae kila siku?"

"Tofauti yake nini? Zote nyeusi."

"Hii ina kamera. Inapiga picha, inapiga muziki. Hii nyingine..." Alisita. "Hii haina kamera. Inaandika mambo kwenye kioo."

"Mambo gani?"

"Madogo madogo tu."

Merewai alimkagua kama anayesahihisha daftari. "Chukua ya kamera. Hiyo nyingine inakufanya ufanane na mkaguzi wa shule."

Yule mwanamume alicheka kicheko kizuri. Merewai alipotoka na miwani yake, yule mtu alimfuata na mwavuli, miwani mpya tayari puani. "Nimechukua uliyonichagulia," alisema. "Naitwa Apenisa."

Ulikuwa uongo mdogo, wa kumfurahisha mwanamke mzuri kwenye mvua. Mapenzi yao yalianzia hapo, na shida yao pia.

Apenisa alikuwa fundi wa injini katika meli ya visiwani. Kila aliporudi kutoka kisiwa cha Taveuni alimletea magimbi, na jioni walikaa kwenye ukuta wa bahari wakila roti, chapati zenye mchuzi ndani, zilizofungwa kwenye karatasi. Alikuwa mchangamfu, mkarimu, mtu wa utani. Lakini Merewai hakupata raha. Alipozungumza, macho ya Apenisa hayakutulia kwenye macho yake. Yalikwama chini kidogo, karibu na kidevu, yakitembea kama yanasoma. Tena alipenda wazungumze Kiingereza.

"Sote Wafiji," Merewai alimwambia, "unaniongelesha kama niko kwenye usaili wa kazi?"

"Najifunzia mtihani wa ubaharia, mpenzi. Nivumilie."

Salote, mwalimu mwenzake, hakuwa na uvumilivu huo. "Mere, amka! Macho yanasoma meseji za mwanamke mwingine humohumo kwenye kioo. Na Kiingereza ni cha watazamaji wake wa mtandaoni. Miwani ina kamera, wewe mwenyewe ulimchagulia! Siku moja mchungaji atakuonyesha simu yake, na humo ni wewe unatafuna roti mdomo wazi."

"Acha wivu wako."

"Haya. Mpigie simu sasa hivi. Amewahi kupokea hata mara moja?"

Hakuwahi. Siku zote aliandika.

Alasiri moja Merewai alimwona Apenisa ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la kituo cha basi, simu mkononi. Akampigia. Alimwona akiitazama simu ikiita, akitabasamu, asiipokee. Ilipokatika, ujumbe uliingia: *Niko kazini mpenzi. Niandikie.*

Merewai alivuka barabara bila kutazama magari.

"Kazini?"

Apenisa aliruka kama aliyemwagiwa maji. "Mere! Nilikuwa..."

"Vua miwani."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki? Unamrekodia nani? Nani anakuandikia humo?"

"Hakuna mtu. Nakuja kwa baba yako Jumamosi na mjomba wangu, tumeshakubaliana. Nipe mpaka siku hiyo."

"Njoo. Ila ukija na huyo jini wako usoni, nitamwambia baba mbele yako."

Jumamosi jua lilikuwa kali. Mzee Sakiusa, baba yake Merewai, alikaa mkekani nyuma ya bakuli la yaqona, kinywaji cha mizizi cha kupokelea wageni, wazee pembeni yake, wanawake karibu na mlango wa jikoni. Vioo vya Apenisa vilikuwa vya kubadilika rangi, na jua la njiani lilikuwa limevifanya vyeusi tititi. Mbele ya bakuli lile hakuna anayevaa kofia wala miwani ya giza. Mzee mmoja aligusa jicho lake kwa kidole. Apenisa alielewa. Akaivua na kuiweka kwenye mkeka.

Merewai alimtazama kwa uchungu wa ushindi. *Leo tutakuona.*

Mjomba alitoa mizizi ya yaqona na maneno ya heshima. Mzee Sakiusa akapokea, kisha akamuuliza kijana kwa sauti nzito ya chini, "Mama yako ni wa kijiji gani?"

Apenisa akatabasamu. "Ndiyo, baba."

Wazee walitazamana. Kikombe kikajazwa, jina lake likaitwa kutoka kushoto. Mtu akiitwa hupiga kofi moja kabla ya kupokea. Apenisa hakupiga. Likaitwa tena. Hakugeuka.

"Anatudharau?" mzee mmoja alinong'ona.

Merewai aliona macho yale yakihangaika kutoka mdomo hadi mdomo, kama mtoto aliyepotea sokoni. Apenisa naye aliona nyuso zimekunjamana. Akainamisha kichwa.

"Naomba radhi, baba. Sisikii. Injini zimeyala masikio yangu. Nimewaficha wote, hata mjomba, kwa sababu nahodha akijua atanishusha melini. Lakini siwezi kuomba binti wa watu nikiwa nimejificha."

"Ungesema mlangoni," alisema Mzee Sakiusa. Kisha kwa yule mwenye kikombe: "Mpe tena. Mguse bega."

Safari hii Apenisa alipiga kofi lake moja, akanywa, na makofi yake matatu yakafuata.

Baadaye barazani Merewai alimnyang'anya miwani. Kwanza aliikagua fremu yote kwa ukucha, akitafuta jicho la kamera. Hakuna.

"Ni ile nyingine," alisema Merewai.

"Inaandika watu wanachosema," alisema Apenisa, akiusoma mdomo wake. "Kiingereza vizuri, Kifiji chetu nusunusu. Na kwenye simu naona tu jina lako, nafurahi, basi. Ningekwambiaje, na ulisema nafanana na mkaguzi wa shule?"

Merewai aliivaa. "Sema kitu."

"Nataka nikuoe, Merewai," alisema kwa Kiingereza.

Herufi za kijani zikaelea pale pale, karibu na kidevu. Kumbe meseji zote zile alizozionea wivu zilikuwa maneno ya mdomo wake mwenyewe.

Aliivua, akaiweka mfukoni. Akashika uso wa Apenisa kwa mikono miwili, akamjibu ndiyo kwa Kifiji, polepole, mdomo ukifunguka vizuri.

"Io."

"Sijaona sawasawa. Rudia."

"Mwongo wewe!"

Lakini akarudia.